Pesa za George Smith



Katika kila kikundi cha akiba hufika siku ambapo mwanachama anasimama mkutanoni na kusema, "Mimi nataka pesa zangu, na ninazitaka leo." Mweka hazina akifungua sanduku, akahesabu na kumpa, mkutano unaendelea na ajenda. Akianza kujieleza, basi kila aliyeketi pale anaanza kuhesabu moyoni zake ni ngapi. Somo la toleo hili linahusu mtu aliyejenga utajiri wake juu ya siku kama hiyo. Si kila alichofanya ni cha kuigwa, lakini inafaa tumchambue polepole.

Jina lake George Smith. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 huko Aberdeenshire, Uskoti, akafika Chicago, Marekani, mwaka 1834. Msifikirie Chicago ya majumba marefu. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetangazwa kuwa mji ikiwa na watu kama 350 tu. Mwaka huo huo wa 1833, Wapotawatomi na wenzao, wenyeji wa asili wa nchi ile, walitia sahihi mkataba wa kuachia ekari kama milioni tano magharibi ya Ziwa Michigan, wakahamishwa kupelekwa ng'ambo ya mto Mississippi. Nalitaja jambo hili kwa sababu ardhi ndiyo iliyompa Smith mwanzo wake. Alinunua viwanja Chicago na Milwaukee, kisha akarudi Uskoti kukusanya pesa za watu wa Aberdeen waliotaka kununua ardhi kupitia kwake. Wanaosimulia habari za matajiri husahau mara nyingi kutuambia ni nani alikuwa akikaa pale kwanza.

Mwaka 1837 mambo yaliharibika. Bei ya viwanja ilianguka na benki nyingi za Marekani zikashindwa kulipa. Siku hizo kila benki ilichapisha noti zake yenyewe, na noti ilikuwa ahadi tu: lete karatasi hii kwetu, tutakupa sarafu za dhahabu au za fedha. Benki ikifa, karatasi zake hazinunui hata chumvi. Mkulima aliyeuza ngano yake kwa noti hizo alikuwa ameigawa bure. Ndiyo sababu watu wa Wisconsin, jirani na Chicago upande wa kaskazini, walichukia hata neno benki, na wabunge wao wakawa hawataki kusikia habari ya kufungua nyingine.

Lakini watu bila pesa za kubadilishana wangefanyaje biashara? Hapo Smith akaona mlango mdogo. Mwaka 1839 alipata kibali cha baraza la Wisconsin kuanzisha kampuni ya bima, iliyoitwa Wisconsin Marine and Fire Insurance Company, ya kukata bima za vyombo vya majini na za moto. Kibali kiliiruhusu kupokea amana na kukopesha pesa, na papo hapo kikasema wazi kwamba kampuni haina haki za benki. Smith akamleta kutoka Aberdeenshire kijana wa miaka 21, Alexander Mitchell, awe katibu wa kampuni huko Milwaukee, na yeye mwenyewe akawa na ofisi yake Chicago. Mtu aliyeweka pesa alipewa hati ya amana. Hati hiyo ilikuwa ya dola 1 na kuendelea, nayo ililipwa kwa yeyote aliyeileta, wakati wowote ofisi ikiwa wazi. Sasa niambieni, akina mama na wazee, hiyo si noti ya benki?

Watu walielewa hivyo mara moja. Waliziita pesa za George Smith, wakazitumia kununua ng'ombe na kulipa vibarua. Kampuni nayo ilikopesha kwa hati hizo hizo na kupata riba. Tuseme umetoa hati za dola 100 na umeweka dola 40 za dhahabu kwenye sanduku. Zile 60 nyingine zinafanya kazi kwa wakopaji. Ni faida nzuri, ila umejiweka mahali pa hatari, maana wote wakija pamoja huwezi kuwalipa kabla wakopaji hawajarudisha. Kila anayekopesha pesa za wengine yuko mahali hapo, awe benki au kikundi cha watu 20 chini ya mwembe.

Mwaka 1846 baraza la Wisconsin lilifuta kibali cha kampuni. Smith na Mitchell walishikilia kwamba haki yao haiwezi kufutwa hivyo, wakaendelea kama kawaida. Hapa mimi siwasifu. Walikuwa wakiizunguka sheria, na kama wangeshindwa kulipa, mwenye hati hangekuwa na mkaguzi wa kumkimbilia. Watu walivumilia kwa sababu moja tu: kila aliyekwenda dirishani alilipwa.

Jaribio kubwa lilikuja Novemba 1849. Uvumi ulienea kwamba kampuni imeishiwa, na watu wakajaa ofisini Milwaukee na hati zao mikononi. Mitchell hakufunga mlango. Alilipa dhahabu, na Smith akapeleka dhahabu nyingine kutoka Chicago, wakati ambapo bado hapakuwa na reli kati ya miji hiyo miwili. Fikirini hali ya mtu aliyepanga foleni kwa hofu. Anafika mbele, anapewa sarafu zake bila maneno. Anazishika, ni nzito, anajiuliza atazificha wapi usiku. Alizitaka kwa kuwa aliogopa hatazipata, na sasa amezipata, hofu imekwisha na shida yake ni wezi. Uvumi uliisha nguvu hivyo, na mwishoni mwa 1851 hati zilizokuwa mikononi mwa watu zilifika kama dola 1,470,000. Mwaka 1852 wananchi wa Wisconsin walipiga kura kukubali sheria ya benki, na mwaka uliofuata kampuni ikawa benki halali.

Smith mwenyewe hakupenda sheria hiyo mpya. Alipata benki katika jimbo la Georgia, kusini kabisa, akaleta noti za huko kutumika Chicago. Noti hizo ziliahidi malipo Atlanta, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwa mkulima aliyezishika. Angalieni tofauti. Hati ya Milwaukee ilikuwa na dirisha karibu na mwenye nayo. Hii ya Atlanta ilimtaka asafiri siku nyingi ili kudai haki yake, na mtu wa dola 5 hawezi. Ahadi ni ile ile kwa maandishi, lakini uzito wake si ule ule.

Baadaye alimwachia Mitchell kampuni ya Milwaukee na kurudi Uingereza. Hakuoa. Aliishi London katika klabu ya matajiri mpaka alipofariki mwaka 1899, na mamilioni yake yakaenda kwa jamaa zake. Mitchell alibaki Milwaukee, akawa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya reli na mbunge huko Washington, akafariki mwaka 1887. Miaka sita tu baadaye, katika msukosuko wa fedha wa 1893, benki ile iliyosimama imara mwaka 1849 ilifunga milango. Mwanawe Mitchell, aliyekuwa seneta, alibeba deni hilo na kutoa mali yake ili wenye amana walipwe. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamewaamini wazee wawili kutoka Uskoti kuliko kitabu chochote cha hesabu. Wazee walipoondoka, jina lilibaki mlangoni, lakini wao hawakuwemo tena.

Kabla ya majadiliano mtu mmoja asome Luka 14:28-30, habari ya anayetaka kujenga mnara. Halafu jadilini haya, nusu saa inatosha, na akina mama wapewe nafasi ya kusema kwanza. Je, theluthi moja ya wanachama wenu wakidai akiba zao wiki moja, mtalipa kutoka wapi? Ni mikopo mingapi iko kwa watu wawili au watatu tu? Mwanachama anayekaa mbali, au asiyejua kusoma, anawezaje kuona hesabu yake bila kumbembeleza mtu? Na kama mweka hazina wenu angehama kesho asubuhi, ni nani mwingine anayejua kilichomo sandukuni?