Kupenya foleni kwa baisikeli Mabanga

Kupenya foleni ni kuendesha baisikeli katika nafasi inayobaki kati ya magari yaliyosimama au yanayotambaa, au kati ya magari hayo na ukingo wa barabara. Huku Mabanga, Goma, nafasi hiyo ina wagombea wengi: pikipiki za abiria, chukudu, yaani vigari vya mbao vyenye magurudumu mawili, zilizojaa magunia ya mkaa, watu wenye bidoni za maji, na wauza karanga wanaotembea dirisha kwa dirisha. Baisikeli, ambayo wengi huiita kinga, ni nyembamba kuliko karibu vyote hivyo, na haina mlio. Wembamba huisaidia kupita. Ukimya huiponza.

Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ni kartie za komini ya Karisimbi, upande wa juu wa mji. Birere, benki, ofisi na vituo viwili vya mpaka vya kuingia Gisenyi viko chini, kuelekea ziwa Kivu. Asubuhi watu hutelemka, jioni hupanda, na wote hutafuta lami ileile, kwa kuwa njia nyingi za ndani ni mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mpaka leo kuna vichochoro ambako gari dogo hukwaruza tumbo. Kwa Kilingala mabanga ni mawe. Anayeendesha kinga hapa hana sababu ya kubisha.

Sheria ya barabarani ya Kongo, ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka kila chombo kishike kulia na kipite kingine kwa kushoto. Kwa hiyo upande wa kushoto wa gari ndiko dereva anakotarajia kupitwa, na huko ndiko kupenya kunakoanzia. Lakini Goma ina jambo linaloivuruga kanuni hiyo. Magari mengi ya mitumba yametoka Japani, ambako watu hushika kushoto, na malori mengi huingia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, ambako pia hushika kushoto. Usukani wake uko kulia. Yakifika hapa, dereva huwa ameketi upande wa mtaro badala ya upande wa katikati ya barabara. Katika foleni moja ya Mabanga madereva wa usukani wa kulia na wa kushoto wanafuatana bila mpangilio, na kila mmoja ana upande wake asiouona vizuri. Kujua dereva wa mbele ameketi wapi ni nusu ya kazi yote ya kupenya, na ni nusu ambayo wengi huiruka.

Dereva wa usukani wa kulia haoni kilicho mbele ya gari lililomtangulia. Akitaka kujua kwa nini mstari umekwama, au kama kuna nafasi ya kupita, hulazimika kulitoa gari lote kushoto, nusu mita au zaidi, ndipo macho yake yafike. Hufanya hivyo polepole akiwa hana nia mbaya, wala hawashi taa ya kona, kwa sababu hajaamua kugeuka popote, anachungulia tu. Kwa anayekuja na baisikeli kushoto kwake, huko kuchungulia ni ukuta unaosogea. Dalili yake ni magurudumu ya mbele. Yakianza kulala kushoto ilhali gari bado limesimama, mpenyaji abaki nyuma ya bampa ya nyuma mpaka ijulikane gari linakwenda wapi.

Jambo la pili ni milango. Hiace iliyoundwa kwa nchi za kushika kushoto ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, ambao kule ni upande wa mtaro. Goma mlango huohuo, kama haujahamishwa, hufungukia katikati ya barabara. Abiria aliyechoka kungoja foleni huteremka palepale, mguu wake ukitangulia macho yake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukutana na mguu wa namna hiyo, na kilichoumia zaidi ilikuwa taa ya mbele na heshima. Milango ya magari madogo ni mibaya zaidi, maana hufunguka kwa nje. Mlango wa kawaida ukifunguliwa wote huchukua karibu mita moja, nafasi ambayo mara nyingi kwenye upenyo wa Mabanga haipo. Asiye na mita hiyo apunguze mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, na atazame ndani ya gari kupitia kioo cha nyuma: kichwa kinachogeuka, mkono unaotafuta kitasa, konda anayesimama.

Usukani hutambulika kwa nyuma bila shida sana. Kivuli cha kichwa ikiwa kioo cha nyuma hakijafunikwa, kiwiko kinachoning'inia dirishani, upande wa mlango wa Hiace. Kwa lori, bati la namba la Uganda, Kenya au Tanzania linatosha kumfanya mtu adhani usukani uko kulia mpaka aone vinginevyo.

Lori linastahili maelezo yake lenyewe. Likikata kona, magurudumu yake ya nyuma hayafuati alama ya yale ya mbele. Hukata ndani zaidi, na aliyejibanza kati ya ubavu wa lori na ukingo hubanwa pale pale. London, ambako hushika kushoto, waendesha baisikeli wengi waliuawa na malori yakikata kona ya kushoto, na tangu Machi 2021 malori ya zaidi ya tani 12 hayaruhusiwi kuingia humo bila kibali kinachotolewa kwa kupima dereva anaona kiasi gani kutoka kwenye kiti chake. Hapa kona ya kuogopwa ni ya kulia. Lori la usukani wa kushoto likikata kulia, dereva yuko mbali na ubavu huo na hutegemea kioo tu. La usukani wa kulia dereva wake anauona ubavu wa kulia vizuri kidogo, lakini ni kipofu kushoto. Asiyejua usukani uko wapi asipite ubavuni mwa lori lolote, na hata anayejua asipite kulia kwa lori lililo karibu na njiapanda. Mbele ya lori nako si salama kwa kuwa tu ni mbele. Kibini iko juu, na aliyesimama chini ya pua yake haonekani; asogee hatua tano au zaidi, mpaka aone uso wa dereva.

Mwendo hupimwa kwa kulinganisha. Baisikeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hukata mita 5 na nusu kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayopita kabla mkono haujashika breki. Kwa kilomita 10 ni chini ya mita 3. Foleni ikiwa imesimama kabisa, kilomita 10 zinatosha. Ikianza kutambaa, mpenyaji asiizidi sana, na ikishika mwendo wa baisikeli, kupenya kumekwisha: aingie kwenye mstari, katikati ya njia, nyuma ya gari moja na mbele ya jingine, akiwa ameangalia nyuma kwanza na kunyoosha mkono. Hatari ya upenyo huzidi katika dakika hiyo ya mabadiliko, mstari unapoamka na mtu bado yuko ubavuni.

Kisha kuna mapengo. Magari kumi yamegusana, halafu kati ya la kumi na la kumi na moja pana nafasi ya gari zima. Asiyezoea huona bahati. Dereva wa Goma haachi nafasi bure. Ameiacha kwa sababu kuna mtu anavuka: mama mwenye beseni kichwani, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayekata kwenda upande wa pili, gari linalotoka kichochoroni. Wanaovuka hutazama magari yaliyosimama, hawatazami kinachokuja kati yake. Kabla ya kila pengo breki zishikwe na kengele ipigwe, au mdomo utumike. Wenye chukudu hupiga kelele tangu mbali, na hawana haya nayo.

Chukudu yenyewe, ambayo mji uliijengea sanamu mwaka 2009, ina breki dhaifu kuliko zote barabarani. Breki hiyo ni kipande cha raba kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma, na mzigo unaweza kuwa mamia ya kilo za viazi au kabeji zilizoteremshwa kutoka Kibumba. Chukudu inayotelemka haipishi kwa sababu haiwezi. Mwenye kinga ndiye wa kupisha, na asisimame kamwe mbele yake kwenye mteremko, hata foleni ikiwa imetulia.

Motari ni kinyume chake: anaweza kusimama, na husimama bila kumwambia mtu, abiria anapoita. Yeye pia anapenya, kwa kasi mara mbili, na huja kutoka nyuma pande zote. Kila unapotaka kuhama kutoka upenyo mmoja kwenda mwingine, kichwa kigeuke kabla ya mpini.

Ukingo wa kulia huvutia kwa kuwa unaonekana mtupu. Mara nyingi haufai. Lami huishia ghafla, chini yake kuna changarawe nyeusi inayoteleza kama shanga, halafu mtaro. Kadafi, yaani wauza mafuta wa barabarani, wamepanga chupa na bidoni zao papo hapo, na teksi huvuta kulia bila taarifa kumchukua abiria. Mvua za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei huujaza mtaro hadi usijulikane unaanzia wapi. Ukingo utumike tu pale unapoonekana wote, hadi mwisho wa foleni.

Kwenye njiapanda yenye polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, mwili wake ndio taa. Mkono mmoja ulioinuliwa juu ni kwa wote: simama. Mikono iliyonyooshwa kando, kifua au mgongo wake ukikuelekea, ni wewe umesimamishwa. Bega likikuelekea, pita. Anapoanza kugeuka bado kuna sekunde chache kabla injini hazijanguruma, na huo si wakati wa kuanza kupenya lori la mwisho. Ni wakati wa kuwa umeshachagua mahali pa kusimama, ama mbele ya wote unapoonekana, ama ndani ya mstari.

Vifaa havihitaji maneno mengi: breki mbili zinazoshika, kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma kwa jioni, kofia ngumu kwa anayeweza kuipata. Vumbi la volkano hula raba za breki haraka, hivyo zikaguliwe kila wiki.

Yote yaliyotangulia ni ya baisikeli tupu. Mpini una upana wa sentimita 60 hivi, na mtu huupima kwa macho bila kufikiri. Bidoni nne za lita 20 huongeza upana huo na kuweka zaidi ya kilo 80 nyuma, breki zikiwa zilezile. Ni vivyo hivyo kwa baisikeli za magurudumu matatu ambazo watu wenye ulemavu hubebea bidhaa kwenye mpaka: ni pana kuliko baisikeli ya kawaida, na upenyo haukuumbwa kwa ajili yake. Baisikeli ya mzigo hukaa katika mstari, nyuma ya gari na mbele ya gari, mpaka mstari uende.