Sikiokuu: Jina la Mkuu wa Usalama katika Dola ya Kubuni na Mzigo Wake wa Kiisimu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jina la Sikiokuu, waziri anayesimamia usalama katika nchi ya kubuni ya Aburĩria, kwenye riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo. Tunadai kuwa jina hilo, ingawa limo katika riwaya ya Kikuyu, haliwezi kufasiriwa ipasavyo bila kurejelea mofolojia na methali za Kiswahili. Aidha, tunajadili iwapo mwandishi anakifanya Kiswahili kuwa lugha ya vitisho.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Mũrogi wa Kagogo ilianza kutolewa kwa Kikuyu mwaka 2004, na tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na mwandishi mwenyewe, ikatoka mwaka 2006. Aburĩria inatawaliwa na mtu asiyetajwa jina, ambaye huitwa Mtawala tu. Chini yake wako mawaziri wanaoshindana kwa utiifu. Machokali alikwenda London kupanuliwa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipojificha. Sikiokuu, asipende kuachwa nyuma, alikwenda Paris kuongezwa masikio ili asikie hata minong'ono ya majumbani. Mambo naye alirefushwa ulimi.

Aghalabu wahakiki wameyachukulia maumbo haya kuwa kejeli ya wazi isiyohitaji maelezo. Msimamo wetu ni kwamba kejeli hiyo imejengwa pia ndani ya muundo wa majina, na kwamba msomaji wa Kiswahili anaambiwa mengi zaidi kuliko msomaji mwingine yeyote.

2.0 Muundo wa jina

Sikiokuu ni nomino ambatani yenye nomino sikio, ya ngeli ya 5, na kivumishi -kuu. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kuwa mwandishi hakuchagua -kubwa. Tulinganishe mifano hii:

(1) (a) soko kubwa (b) soko kuu
(2) (a) barabara kubwa (b) barabara kuu
(3) (a) sikio kubwa (b) sikio kuu

Katika (a) kivumishi chaeleza kimo au upana. Katika (b) chaeleza cheo: soko kuu laweza kuwa dogo kuliko soko jingine na likabaki kuwa kuu. Hivyo jina hili halisemi kwamba mtu huyu ana sikio pana, bali kwamba amekuwa sikio lenye mamlaka. Kiungo cha mwili kimepewa wadhifa. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yetu, jina liko katika umoja ijapokuwa masikio yaliyopanuliwa ni mawili. Wadhifa huwa mmoja.

Wingi wake unafichua jambo jingine. Masikio makuu hutupeleka kwenye makuu, neno linalotumika pekee kwa maana ya majivuno, kama katika kupenda makuu. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuliweka jina hili katika wingi bila kumcheka mwenyewe.

Jina la Machokali lina tabia tofauti. Upatanisho wa kisarufi wataka macho makali, au jicho kali katika umoja. Hapa kiambishi ma- kimedondoshwa kwenye kivumishi. Yawezekana huu ni mwangwi wa Kiswahili cha bara ya Kenya, ambamo upatanisho hulegezwa. Lakini pia msomaji wa Nairobi hatakosa kukumbuka kibao kinachotundikwa kwenye malango ya matajiri: Mbwa Kali. Ikiwa ulinganisho huu unakubalika, basi waziri wa mambo ya nje amepewa jina lenye sarufi ya kibao cha mlinzi.

3.0 Sikio na kichwa

Methali ya Kiswahili husema: Sikio halizidi kichwa. Hutumiwa kumwonya mdogo asijifanye mkubwa wa mkubwa wake. Sikiokuu ni ukanushaji wa methali hii kwa mwili. Masikio yake yamezidi kichwa, na yeyote amwonaye huona kwanza masikio.

Hata hivyo, kisiasa methali inabaki kweli. Mbele ya Mtawala, Sikiokuu hupiga magoti na kuvuta ndewe za masikio yake akithibitisha uaminifu. Anayewaogofya raia kwa masikio hayo anayashika mwenyewe kama mtoto aliyeadhibiwa. Ukatili wa mkuu huyu wa usalama na unyenyekevu wake havipingani, kwani masikio yaliyokuzwa kwa ajili ya mwingine si mali ya mwenye nayo. Pale anapoamuru watu wakamatwe na kuhojiwa, anatekeleza hofu aliyonayo yeye mwenyewe ya kupoteza cheo. Ndiyo maana hawezi kuwa na huruma: kila mtuhumiwa asiyekiri ni ushahidi kuwa sikio halikusikia.

4.0 Kusikia na kusikiliza

Nomino sikio inahusiana na kitenzi sikia. Kitenzi hiki kina maana mbili zinazohusiana: kupokea sauti na kutii. Tukisema mtoto hasikii, hatumaanishi kuwa ni kiziwi. Kitenzi sikiliza chaongeza kusudi na uangalifu. Mkuu wa usalama anadai raia wasikie kwa maana ya kutii, ilhali yeye husikia kwa maana ya kunasa sauti. Hakuna anayesikiliza.

Katika riwaya, tofauti hii inabeba msuko. Sikiokuu anatakiwa kumkamata Nyawĩra, mwanaharakati anayesakwa na serikali. Anawahoji wengi, naye Nyawĩra yuko karibu, akiishi na kufanya kazi pamoja na yule anayeitwa Mchawi wa Kunguru. Sikio linalonasa kila mnong'ono linashindwa kuelewa kinachosemwa.

Kisa hiki kina msingi katika historia. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, baada ya riwaya yake Matigari kutoka kwa Kikuyu mwaka 1986, vyombo vya usalama vya Kenya vilipata habari mapema mwaka 1987 kuwa mtu aitwaye Matigari anazunguka akidai haki. Amri ya kumkamata ilitolewa. Ilipobainika kuwa ni mhusika wa kubuni, kitabu chenyewe kikaondolewa madukani. Hapo dola ilisikia jina, lakini haikusikiliza hadithi. Tena si bure kwamba mhusika mkuu wa Mũrogi wa Kagogo anaitwa Kamĩtĩ, jina la gereza ambamo Ngũgĩ aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978.

5.0 Je, Kiswahili ni lugha ya vitisho?

Kuna hoja inayowagusa wanataaluma wa Kiswahili moja kwa moja. Sauti /s/ na /l/ si za kawaida katika Kikuyu, kwa hiyo majina haya hujitangaza kuwa mageni. Sikiokuu, Machokali, Mambo na Tajirika wote wamo katika duara la watawala, na majina yao ni ya Kiswahili. Kamĩtĩ na Nyawĩra, wapinzani, wana majina ya Kikuyu. Yaelekea mwandishi anasema kuwa Kiswahili ni sauti ya askari mlangoni.

Hoja hii ina mashiko ya kihistoria. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilitumia Kiswahili kutolea amri, na polisi vivyo hivyo. Lakini ushahidi wa riwaya hauruhusu mgawanyo mwepesi. Kaniũrũ, kijana anayepanda cheo kwa ukatili na wizi, ana jina la Kikuyu litokanalo na iniũrũ, yaani pua. Naye ni kiungo cha mwili katika huduma ya dola. Kinyume chake, Arigaigai Gathere ni askari polisi mwenye jina la Kikuyu, lakini anageuka kuwa msimulizi ambaye watu humkusanyikia kwa furaha. Kinachotenganisha kambi hizi ni kazi ambayo lugha inafanyishwa.

Isitoshe, umma nao hukitumia Kiswahili kujibu. Nchini Tanzania, herufi FFU za kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia zilifasiriwa na watu kuwa Fanya Fujo Uone. Tungo hii ni kitenzi cha amri kikifuatiwa na cha dhamira, na yambwa ya uone haitajwi. Uone nini? Kitisho chote kimo katika nafasi hiyo tupu. Watu wameyasema maneno ya kikosi kabla kikosi hakijayasema, na kwa kufanya hivyo wamekifanya kichekwe.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa jina Sikiokuu linabeba cheo badala ya kimo, linapindua methali, na linatenganisha kusikia na kusikiliza. Yaliyojadiliwa yanadokeza pia wajibu wa kitaaluma. Tumezoea kukisifu Kiswahili kuwa lugha ya umoja, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini maneno kama usalama, ambayo mzizi wake ni amani na ambayo katika kauli watu wa usalama huwafanya wasemaji wapunguze sauti, yanadai kuchunguzwa bila haya. Uchunguzi wa majina ya Tajirika, ambalo kisarufi ni amri, na Mambo unawasubiri watafiti wengine.