MTI WA MUSAMBYA: FAIDA ZAKE NA JINSI YA KUUPANDA

Wengi wetu tupitao Bukoto tumekwisha kuona mti mwembamba wenye maua ya manjano mfano wa tarumbeta ndogo, lakini si wengi waujuao jina lake. Mti huo ni musambya. Wataalamu huuita Markhamia lutea. Wajaluo wa Kenya huuita siala, na Waluhya lusiola. Hata kilima cha Nsambya, hapa hapa Kampala, kimepata jina lake kwa mti huu.

Faida yake ya kwanza ni mbao. Ni ngumu, tena mchwa hawaziharibu upesi. Kwa hiyo hufaa kwa nguzo za nyumba na za ua, kwa viti, na kwa mipini ya majembe na mashoka. Huko Marekani watu wana mti wao wa mipini, Ostrya virginiana, mgumu hata huitwa mti wa chuma. Lakini huo hukua polepole mno, na musambya wetu hukua upesi.

Faida ya pili ni shambani. Mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo haishindani mno na mimea. Ndiyo sababu wakulima wa Buganda huuacha katikati ya kahawa na migomba. Matawi yake huegemeza migomba yenye mikungu mizito, na yanayobaki huwa kuni.

Faida ya tatu nilifundishwa na mzee mmoja, jirani yetu wa Bukoto, aliyekuwa na misambya minne mpakani mwa kiwanja chake. Siku moja nilimkuta akiukata mmoja, nikamwuliza, "Mzee, mbona unauua mti wako?" Akacheka, akasema, "Siuui, mwanangu. Musambya ukikatwa huchipua. Rudi baada ya mvua uone." Nilirudi, nikaona machipukizi mengi juu ya kisiki. Mzee aliyapunguza, akaacha mawili yaliyonyoka, yawe nguzo za baadaye.

Baadaye kiwanja kile kiliuzwa ili ijengwe nyumba ya ghorofa. Misambya yote minne iking'olewa na visiki vyake, haiwezi kuchipua tena. Basi kabla ya kazi kuanza, mzee aliniita, akanipa mfuko wa maganda yake. "Mimi sina ardhi tena," alisema, "lakini shule yenu inayo."

Tulipanda mara mbili. Mara ya kwanza tulizifukia mbegu kwa kina kama mahindi, hata moja haikuota. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa mbegu hizi ni nyembamba kama karatasi, nazo zina mabawa ya kuchukuliwa na upepo. Mara ya pili tulifuata njia hii:

1. Chuma maganda marefu yakiisha kuwa ya kahawia, kabla hayajapasuka. Yaanike juani mpaka yafunguke.

2. Tandaza mbegu juu ya udongo laini, uzifunike kwa udongo kidogo sana. Weka kivuli chepesi, na unyunyize maji taratibu.

3. Miche ikifika urefu wa rula ya shule, ihamishe mwanzo wa mvua, mwezi wa Machi au Septemba. Chagua udongo wenye kina. Mahali panapotuama maji hapaufai.

4. Palilia, na uikinge na mbuzi.

Leo misambya yetu inasimama nyuma ya uwanja wa mpira, mirefu kuliko sisi. Wanafunzi wa zamani mkija kututembelea, chukueni maganda mkapande kwenu. Wazee walisema, shoka lisilo na mpini halichanji kuni. Nasi tusiopanda leo, watoto wetu wataupata wapi mpini?