Herufi Iota

Katika alfabeti ya Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, iko herufi iliyo ndogo kuliko zote. Jina lake ni iota, na umbo lake ni kistari kimoja tu, mfano wa i yetu isiyo na nukta. Wayunani waliipata kwa Wafoinike, nayo ni ndugu ya yodi ya Waebrania. Katika Mathayo 5:18, pale Biblia yetu isemapo yodi, maandiko ya Kiyunani yasema iota.

Wayunani walihesabu pia kwa herufi. Iota ni ya tisa kwa mpango wake, lakini thamani yake ni 10, kwa sababu herufi moja ya kale, iliyokwisha kuachwa katika maandishi, ilibaki kuwa alama ya 6. Wajuzi wa nyota nao huitumia. Mwaka 1603 Johann Bayer, Mjerumani, alitoa kitabu cha ramani za mbingu, akazipa nyota za kila kundi herufi za Kiyunani. Hata leo nyota ing'aayo kuliko zote katika upanga wa Orioni, kundi litajwalo katika Ayubu 9:9, yaitwa Iota.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni hili. Mwaka 325, katika Mkutano Mkuu wa Nikea, maaskofu walikiri kwamba Mwana ni homoousios na Baba, yaani wa asili moja naye. Baadaye, katika karne ile ile, wengine walipenda kusema homoiousios, yaani wa asili inayofanana. Tofauti ni iota moja! Wako watu waliocheka kuona Kanisa likishindana kwa herufi moja. Lakini na tuulize: kifananacho na kitu, je, ndicho kitu chenyewe? Picha ya mkate yafanana na mkate, wala haimshibishi mwenye njaa. Mwaka 381 Mkutano wa Konstantinopoli ulilithibitisha neno la Nikea.

Tena tusisahau kwamba Athanasio, mtetezi mkuu wa neno lile, yapata mwaka 359 aliandika kwamba baadhi ya waliolisitasita yafaa kusema nao kama ndugu na ndugu, kwa kuwa aliona nia yao i karibu na yake.

Nasi tusomao mbele ya watu tujifunze yote mawili. Katika Kiswahili chetu pia, kufa na kufaa zatengwa na herufi moja. Basi tuisome kila herufi kwa uangalifu, na aliyekosea tumwonye kwa upole.