Asilimia ngapi, ya nini? Namna ya kudai malipo yanayolingana na cheti chako saluni

Umesoma. Una cheti cha VETA, au diploma ya CIDESCO au ITEC iliyokula ada ya kutosha. Unajua mtu anayemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoin hapakwi waksi usoni. Halafu mwisho wa mwezi unapokea sawa na binti aliyeanza juzi, ambaye bado anajifunza kushika brashi. Hilo linarekebishika, ila si kwa kununa wala kwa kulalamika kwenye simu na shoga yako.

Anza na daftari. Lako, si la kaunta. Kila mteja akiondoka kitini, andika tarehe, huduma, bei aliyolipa na muda uliotumia. Ongeza safu moja ya mwisho: je, alikuulizia kwa jina? Safu hiyo ndiyo itakayokupigania, maana mteja anayesema "namtaka yule dada wa nyusi" hakufuata bango la saluni. Amekufuata wewe.

Andika papo hapo. Ukisema utakumbuka jioni, hutakumbuka.

Namba za simu za wateja usizinakili. Siku bosi akiliona daftari lako na kukuta namba, kikao cha mshahara kitageuka kikao cha wizi wa wateja, na hapo huna hoja tena.

Miezi mitatu inatosha, mradi usichague miezi ya neema tu. Desemba na wiki ya kuelekea Idi hudanganya: kope, kucha na piko mpaka usiku. Januari watu wanalipa ada za shule. Ramadhani na Kwaresima harusi hupungua, na zikipungua harusi hupungua pia kitchen party na send-off. Chukua kipindi chenye mvua na kiangazi, ndipo wastani wako utakuwa wa kweli.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoliwa.

Ukiambiwa "kamisheni asilimia 40", usifurahi kwanza. Uliza: ya nini? Ya bei anayolipa mteja, au ya kinachobaki baada ya kutoa dawa, krimu na waksi? Tuseme mwezi mmoja umehudumia wateja wa shilingi 1,800,000. Asilimia 40 ya hiyo ni 720,000. Lakini bosi akikata kwanza asilimia 20 ya bidhaa, inabaki 1,440,000, na asilimia 40 yake ni 576,000. Mdomoni ni "arobaini" ileile. Mfukoni umepungukiwa 144,000.

Bidhaa zikikatwa, omba zikatwe kwa gharama halisi, ukiwa umeona risiti. "Tunakata asilimia 20 tu" ni makisio, na makisio ya anayelipa huwa hayamkosei yeye.

Uliza pia kuhusu ofa. Bosi akimpa bibi harusi punguzo la kifurushi, kamisheni yako inahesabiwa kwa bei ya ukutani au ya ofa? Na wale wa bure: wifi wa bosi, rafiki wa bosi, mtu maarufu anayelipa kwa kuposti. Saa nzima ya kazi, dawa imetumika, mgongo umeuma, wewe unaandika sifuri. Taja kiwango kidogo cha kudumu kwa kila mteja wa bure. Kikiwepo, utaona hao ndugu wanavyopungua.

Kuna jambo jingine la kupima: kamisheni tupu, au mshahara na kamisheni ndogo? Linganisha kwa namba zako mwenyewe. Chukua asilimia 40 bila mshahara, upande wa pili mshahara wa 300,000 na asilimia 20. Mwezi wa 1,800,000, wa kwanza unakupa 720,000, wa pili 660,000. Mwezi mbaya wa 500,000, wa kwanza unakupa 200,000, wa pili 400,000. Zinalingana ukiingiza 1,500,000. Kama daftari lako mara nyingi liko juu ya hapo, kamisheni tupu ina faida kwako. Kama unapanda na kushuka, tafuta mshahara wa msingi.

Na uelewe upande wa bosi. Katika ule mwezi mbaya, mpango wa pili unamwachia laki moja tu, na kodi ya fremu ilishalipwa miezi mbele, LUKU nayo haisubiri. Ndiyo maana wengi wanapenda kamisheni tupu: siku za ukame hatari yote inakuwa yako. Unaweza kumpunguzia. Kubali mshahara wa chini kidogo, kamisheni ipande ukivuka kiwango fulani. Mfano, asilimia 15 mpaka milioni moja, na asilimia 30 kwa kinachozidi. Bosi anayeanza kuandika namba zake mwenyewe kwenye karatasi yako, mko njiani.

Muda wa kusubiri mteja ni muda wa kazi. Ukiingia saa 2 asubuhi ukatoka saa 2 usiku, siku sita, hizo ni saa 72 kwa wiki. Toa saa moja ya chakula kila siku, bado 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Likizo ni siku 28 zenye malipo kila mwaka. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, kwa hiyo ukiwa Unguja au Pemba usinukuu ya Bara.

Utaambiwa, "Wewe si mwajiriwa, uko kwa kamisheni." Usibishane, jiulize tu: nani anapanga saa za kuingia? Nani ananunua mashine? Ukichelewa, nani anakukata? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuchukulia mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kwa kigezo kimoja tu: mathalani saa zako zinapangwa na mwingine, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au unategemea kipato chake. Aliyekodi kiti ni mwingine. Yeye anaingia anapotaka, anapanga bei yake, anaweka pesa yote mfukoni na kulipa kodi ya kiti. Ukikatwa kama mwajiriwa na kuachwa peke yako kama mpangaji, umepata ubaya wa pande zote mbili.

Makato ya hasara nayo yana mipaka. Kikombe cha waksi kimeanguka, mashine ya mvuke imeungua, mteja amekataa kulipa. Bosi hawezi kukata tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu na hesabu, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasivuke robo ya ujira wako wa fedha. Mashine iliyokufa kwa uzee si kosa lako.

Ukiona NSSF kwenye makato, nenda ofisi yao ukaulize kama michango inafika. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hapaswi kukukata zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri peke yake. Hautoki kwako hata senti.

Pesa ya soda anayokuachia mteja, kubaliana mapema kwamba ni yako. Hasa siku hizi inapoingia pamoja na bei kwenye lipa namba ya saluni. Bila makubaliano, inapotelea huko.

Cheti nacho kifanye kazi. Kukibandika ukutani hakutoshi. Mwonyeshe bosi kinachomwokolea pesa: unajaribisha dawa kwenye ngozi kabla ya kupaka, unauliza mteja anatumia nini, unachemsha na kusafisha vifaa, unakataa mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na saluni inayokutwa nazo si tu inapoteza wateja. Andika kwenye daftari siku ulipomkatalia mteja huduma na sababu yake. Bosi haoni ajali ambayo haikutokea mpaka umwonyeshe.

Kama ujuzi wako ni wa kujifunza kazini na huna karatasi, waulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Wanapima unachokijua na kukupa cheti. Fanya hivyo kabla ya kudai, si baada.

Haya, kikao chenyewe. Usikiombe Jumamosi, wala siku bosi anatafuta kodi ya fremu. Jumanne asubuhi, saluni ikiwa kimya, ni nzuri. Mwambie mapema: "Dada, naomba nusu saa yako Jumanne, nina hesabu nataka tuiangalie pamoja." Usiseme "nina tatizo". Ukisema tatizo, atakuja amejikinga.

Nenda na karatasi moja. Anza na namba: "Dada, miezi mitatu hii nimehudumia wateja wa milioni tano na laki nne. Wengi wao wamekuja wakiniuliza kwa jina, nimekuwekea alama. Sasa napata asilimia 30. Naomba tufike 40 ya bei ya mteja, au mshahara wa laki tatu na asilimia 20." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote hapo. Usijijibu mwenyewe, usishushe bei kabla hajafungua mdomo.

Usimtaje mwenzako. "Mbona fulani anapata zaidi" inageuza hesabu kuwa umbea. Usimtishie kwamba utahama na wateja. Kwanza si ungwana, pili akiamini ataanza kukuwekea mtu wa kukurithi. Na usilie shida. Kodi ya chumba na ada ya mtoto ni vya kweli, lakini naye anavyo. Unachouza ni mikono yenye ujuzi, baki hapo.

Akisema hali ni ngumu, muulize: "Kiasi gani kinawezekana sasa, na lini tukae tena?" Ukubali kitu chenye tarehe. Pesa ikigoma kabisa, omba vingine vyenye thamani: siku ya pili ya mapumziko, usafiri ukifunga usiku, kamisheni kwa bidhaa unazouza, ada ya kozi fupi, au nauli na asilimia kubwa zaidi ukitumwa kumpamba bibi harusi nyumbani. Hiyo ya mwisho huwa rahisi kukubaliwa, kwa kuwa bei ya nje ni kubwa na kiti cha saluni kinabaki wazi.

Siku hiyohiyo mtumie ujumbe: "Asante dada kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kuanzia tarehe 1 kamisheni ni asilimia 35 ya bei ya mteja, bidhaa ni za saluni, inalipwa kila tarehe 30. Kama nimekosea nirekebishe." Kisha omba yaingie kwenye mkataba. Mwajiri ana wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na mkifika kwenye shauri bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Kila malipo yaambatane na mchanganuo: mauzo yako, asilimia, makato, kilichobaki. Hata kwenye kipande cha karatasi kilichosainiwa.

Kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hutangazwa na serikali kwa Amri ya Mshahara, na hubadilika. Pita ofisi ya kazi ya mkoa wako uulize cha sasa kwa kazi yako.

Ukinyimwa ulichokwisha kukifanyia kazi, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huhitaji wakili. Angalia muda: ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro, kwa madai mengine kama mshahara usiolipwa ni siku 60. Watu wengi wenye haki hukwama hapa, wakiwa bado wanasubiri bosi "atulie". Beba daftari, jumbe za simu na picha za mchanganuo.

Na ukiamua kuondoka kwa amani, toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Dai hati ya utumishi kabla hujakabidhi funguo za kabati, kwa kuwa saluni inayofuata itaiomba, na ukiwa nayo hutaanza tena kwenye kiwango cha binti wa juzi.