Ujira, Bakhshishi na Rushwa

Ndugu zetu wa mwambao wafikao Kisumu aghlabu huteremka ufuoni Dunga, wakakodi mashua ili waoneshwe viboko na ndege wa kwenye mafunjo. Je, ni ipi haki ya yule anayewaongoza? Hapa pana mambo matatu, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni ujira. Huu ni deni. Yapasa ujulikane kabla ya kupanda chomboni: ni kiasi gani, kwa muda gani na kwa watu wangapi. Na Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka.

La pili ni bakhshishi. Hii ni hiba, nayo huja baada ya ujira kutimia. Hailazimu, lakini mwenye kutoa na atoe kwa uso mkunjufu, bila ya masimbulizi, kwani masimbulizi hubatilisha sadaka (Al-Baqara, aya ya 264).

La tatu ni rushwa. Kisiwa cha Ndere ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986, na ada ya kuingia ni mali ya umma. Mwenye kumtilia askari kitu mkononi ili apite bila ya kulipa hakutoa bakhshishi. Ibn al-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka akarudi na vitu alivyodai kuwa amezawadiwa, Mtume alimkemea, kwani lau angekaa nyumbani kwao asingezawadiwa. Kipimo ni hicho: mwenye mashua hutunukiwa kwa kazi yake, na askari hupewa kwa cheo chake.

Nami nina la kukiri. Tulipatana na kijana mmoja shilingi 2,000. Tuliporejea, mwenzetu alimlipa 1,500, akidai kuwa safari ilikuwa fupi, kisha akampa 200, akamwambia, "Hii ni bakhshishi yako." Kijana alishukuru huku akitazama chini. Sote tulinyamaza, na mimi ni mmoja wao. Tulimdhulumu, kisha tukapokea shukrani zake! Asubuhi nilirudi nikamtaka radhi, nikamlipa 500, wala si 300. Kwani kilichotolewa kwa jina la hiba hakilipi deni.

Basi, ndugu msomaji, ukishuka chomboni jiulize kwanza: deni nimelimaliza? Ndipo uwe karimu.

Wabillahi tawfiq.