Kikohozi Kilicholetwa na Tembe

Boito, katika eneo la Konoin, kaunti ya Bomet, baridi ya asubuhi hulaumiwa kwa mengi. Anayekohoa huambiwa ni umande wa mashamba ya chai, avae sweta nzito. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mtu aliyeanza kumeza enalapril ya presha wiki chache zilizopita, kikohozi kikavu kinachomkatiza usingizi huenda kimeletwa na tembe yenyewe. Dhara hilo linajulikana, na daktari ana dawa nyingine za kumbadilishia. Kinachosikitisha ni kwamba wengine huacha dawa kimyakimya: kikohozi kinaisha, presha inapanda tena, na kliniki haina habari.

Kabla dawa haijaingia sokoni hujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache tu. Dhara linalompata mmoja kati ya elfu kumi hujulikana baadaye, majumbani. Dawa iitwayo thalidomide iliuzwa Ujerumani tangu 1957, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, ilikuwa imeumiza vibaya mimba nyingi. Inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na kasoro, wengi wao mikono au miguu ikiwa mifupi mno.

Msiba huo ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani kuanzisha, mwaka 1968, mpango wa nchi kupashana habari za madhara ya dawa. Kenya ilijiunga 2010. Taarifa za hapa nchini hupokewa na Bodi ya Famasia na Sumu, Nairobi, kisha huunganishwa na za mataifa mengine huko Uppsala, Uswidi.

Si kila badiliko ni hatari. Rifampicin ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito hufanya choo kiwe cheusi. (Vidonge hivyo visimezwe kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini; hapa Boito, ambako birika haliondoki jikoni, hilo lafaa kurudiwa kila kliniki.)

Vipele vyenye malengelenge pamoja na vidonda vya mdomo au macho mekundu baada ya Septrin ni jambo jingine kabisa. Vivyo hivyo macho kugeuka manjano kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, au uso kuvimba na pumzi kubana baada ya sindano. Huyo apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, na dawa zote anazotumia zibebwe, mitishamba ikiwemo.

Mhudumu wa afya hujaza fomu ya manjano: dawa gani, kipimo gani, ilianza lini, dalili zilitokea lini. Shuku inatosha, familia haidaiwi ushahidi. Mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuripoti kwa Bodi kupitia intaneti.

Pakiti na chupa zihifadhiwe. Aprili 2024, Nigeria ilipotangaza kukuta sumu ya diethylene glycol katika bechi moja ya Benylin, dawa ya kikohozi ya watoto, Kenya nayo iliagiza bechi hiyo iondolewe madukani. Mzazi aliyekuwa na dawa hiyo nyumbani angeweza kuitambua kwa nambari iliyochapishwa kwenye chupa.